Sura ya Mwisho Niliyoiruka Miaka Kumi na Moja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Ofisa Elimu, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule na wajumbe wako, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi, mafundi mliolimaliza darasa hili jipya usiku na mchana mpaka rangi haijapata muda wa kukauka, maana naona bega la Mwenyekiti limeshapakwa, na nyie darasa la tano mliokaa kwenye mikeka hapa mbele, mikono magotini kama nilivyowafundisha: nawasalimu wote kwa heshima.

Kwenye ratiba ya leo, siku yangu ya kustaafu, nimeandikiwa dakika kumi za neno la shukrani. Naomba radhi mapema, kwa sababu dakika nitazizidisha, na neno lenyewe si la shukrani tu. Nyuma yangu, ukutani, kuna kibao kimefunikwa kitambaa cha bluu. Kila mtu hapa anajua kilichoandikwa, maana shule haina siri: ni jina langu, na chini yake maneno "Mwalimu Aliyerudi Ndani". Mheshimiwa Mgeni Rasmi amesafiri kuja kukivuta kitambaa hicho. Lakini kabla hajakivuta, kuna jambo nimelificha miaka tisa, na nikikipokea kibao kile bila kulisema nitakuwa nimevikwa kilemba cha ukoka mbele ya watoto, nami nimeinamisha kichwa mwenyewe ili kinienee. Sitaki. Nitalisema leo. Ila mimi ni mwalimu, siwezi kueleza kitu bila kwanza kufundisha, kwa hiyo mtanivumilia tuanze na somo.

Darasa la tano! Dunia imetulia au inatembea?

Inatembea. Mmesikia wazazi? Hawakusita. Sasa nyie mliocheka kule nyuma kwenye viti vya plastiki, nawauliza swali hilohilo, na simwulizi mtu cheti chake. Ardhi hii tuliyoikanyaga, yenye shule na makaburi ya wazee wetu, imetulia au inatembea? Basi sikilizeni, na simu ziingie mifukoni.

Kila mtu hapa amewahi kuchemsha maziwa. Ukiyaacha yapoe kidogo, juu hufanya utando. Ukiurudisha moto, maziwa ya chini yanapanda, yanageuka, yanashuka, na utando ule wa juu hautulii: unapasuka vipande, kipande hiki kinasogea huku, kile kinasogea kule, viwili vinagongana vinakunjamana. Ganda la dunia nalo limepasuka vipande, vikubwa na vidogo, tunaviita mabamba. Chini yake kuna mwamba wenye joto kali mno. Mwamba huo si maziwa, wala msiende nyumbani mkasema mwalimu kasema chini kuna maziwa! Ni mwamba mgumu, lakini kwa joto lile na kwa miaka mingi kupita hesabu zenu, husogea polepole, na mabamba husogea nao. Bara zima hupanda juu ya bamba lake, milima na bahari na sisi wenyewe.

Polepole kiasi gani? Hapo ndipo nilipopatia jina. Mnadhani sijui kwamba mnaniita Mama Kucha? Najua tangu lilipoanza, na aliyelianzisha namjua pia, amekaa safu ya tatu na leo ana mke na tai shingoni. Kila Jumatatu asubuhi nimekagua kucha za watoto wa shule hii, mmoja mmoja, na mwenye kucha ndefu akarudi kwao akakatwe. Siku moja nikawaambia darasa la tano: nyoosheni vidole, tazameni kucha zenu, mabamba ya dunia husogea kwa mwendo huo, mwendo wa kucha kukua. Huoni, husikii, lakini Jumatatu ikifika zimeshatoka. Binti mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, sasa dunia inakatwa kucha na nani?"

Darasa zima likaanguka kicheko, na mimi nikacheka mpaka nikakaa. Halafu nikaona kuwa mtoto ameuliza kitu kikubwa kuliko alivyojua. Kwa maana katikati ya bahari kuna mahali ambapo ganda jipya huzaliwa kila siku, nalo likiongezeka huko lazima lipunguzwe kwingine, la sivyo dunia ingekuwa inanenepa. Lipo jibu: kuna sehemu ambazo bamba moja huinama likazama chini ya jingine, likarudi kwenye joto lilikotoka. Huko ndiko dunia inakokatwa kucha, nikamwambia, na haiendi kwao kukatwa.

Somo limebaki kidogo. Nawaomba wote, pamoja na Mheshimiwa Mgeni Rasmi, muunganishe viganja vyenu hivi. Vibanane. Sasa kimoja kisukume mbele na kingine kivute nyuma, kwa nguvu, lakini visiachane. Mnaona havisogei? Vimekamatana. Sukuma zaidi. Zaidi. Eeh! Umeona, Ndugu Ofisa, kilivyofyatuka? Hukuwa na azma ya kukifyatua, kimefyatuka chenyewe. Kingo za mabamba hukamatana hivyohivyo miaka na miaka, huku kusukumana hakukomi, na siku mwamba ukishindwa kuvumilia, hufyatuka mara moja. Tetemeko la ardhi ndilo hilo. Halitokani na laana ya mtu, wala hakuna mnyama huko chini anayegeuza ubavu. Na likija, darasa la tano, tunafanya nini?

"Chini ya dawati, linda kichwa, shika mguu wa dawati, subiri litulie, ndipo utoke nje uwanjani, mbali na ukuta."

Asanteni, wanangu. Mmelisema vizuri kuliko nilivyowahi kulisema mimi. Sasa kaeni kimya msikilize, kwa sababu linalofuata linanihusu mimi, na nyie ndio ninaowaogopa kuliko wakubwa wote waliokaa mezani.

Nimefundisha jiografia katika shule hii miaka ishirini. Katika kitabu cha darasa la tano, somo hili la mabamba ndilo sura ya mwisho. Miaka kumi na moja ya kwanza sikulifundisha hata mara moja. Walimu wenzangu, msiangalie dari, mnajua jinsi tunavyofanya. Sura ya mwisho haina bahati. Muhula unakwisha, mtihani unakaribia, mtihani wenyewe hauulizi habari za mabamba, basi mwalimu anageuza ukurasa, anasema "hiyo mtajisomea", na vipindi vyake anavitumia kurudia maswali ya mtihani. Kwenye azimio la kazi naandika "imefundishwa", Mwalimu Mkuu anaweka sahihi, mkaguzi anapita, na watoto wanafaulu. Nilikuwa nasifiwa kwa kufaulisha. Nani angeniuliza?

Aliniuliza mmoja. Alikuwa msichana wa miaka kumi na moja, na kwa kuwa hakuwahi kumaliza kipindi bila kuuliza, wenzake walimwita Bi Swali. Alikuja mezani kwangu na kitabu akakifungua ukurasa wa mwisho. "Mwalimu, hii hatusomi?" Nikamwambia, "Hiyo ya kujisomea mwenyewe, nenda." Naye, kwa kuwa alikuwa mtoto wa kusikia anachoambiwa, akaenda akajisomea.

Wiki tatu baadaye, Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ardhi ikatikisika. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa. Kwa wasiokuwepo: mlio ulianza kama lori kubwa linapita nje, halafu lori likaingia ndani ya sakafu. Mimi ndiye nilikuwa mwalimu wa zamu. Shule yetu ilikuwa na zoezi moja tu la hatari, zoezi la moto: kengele ikipigwa mfululizo, watoto wote watoke mbio wakapange mstari kwenye ukuta wa upande wa kaskazini, wahesabiwe. Kwa moto ni sawa. Lakini mimi sikujua zoezi jingine, na mtu asiyejua kitu hufanya alichozoea. Nikaikimbilia kengele nikaipiga.

Watoto mia nne wakatoka huku ardhi bado inacheza. Walisukumana mlangoni, wakaangukiana, wakafika ukutani wakapanga mstari kama tulivyowazoesha kila Jumatatu ya kucha, maana mstari wa kucha ulikuwa palepale. Mtikisiko ukatulia. Nikahesabu. Darasa la tano pungufu kwa mmoja. Nikarudi ndani.

Hapo ndipo zinapoanzia sifa zangu, wageni waalikwa, na hapo ndipo nawaomba mnisikilize neno kwa neno. Nilimkuta Bi Swali chini ya dawati lake. Mkono mmoja umeshika mguu wa dawati, mwingine uko kisogoni. Hakuwa analia. Aliniangalia akasema, "Mwalimu, kitabu kinasema tukae huku kwanza, linaweza kurudi." Nami nikasema, nakumbuka kila neno, "Kitabu gani? Wenzako wote wako mstarini, wewe umejibanza huku! Toka, usinipotezee muda!" Akashikilia ule mguu wa dawati. Nikambandua vidole. Nikamvuta mkono nikatoka naye mbio, na njiani namgombeza, nikamweka mkiani mwa mstari, ukutani.

Tetemeko likarudi. Lilikuwa dogo kuliko la kwanza, kama yanavyokuwa mengi yanayorudi, lakini ukuta ulikuwa umeshachoka. Ulianguka kuanzia mkiani mwa mstari. Watoto sita walichubuka. Bi Swali aliangukiwa mguu wa kushoto, na tangu siku hiyo anatembea kwa gongo.

Darasa halikuanguka. Jioni ya siku ile niliingia peke yangu nikaliona dawati lake. Daftari lilikuwa wazi juu yake, lina vumbi kidogo la dari, basi. Mtu aliyekuwa chini yake asingepata hata mkwaruzo.

Naona wengine mnanong'ona. Nong'oneni, lakini msiondoke. Mwalimu Mkuu, naomba kipaza sauti kiachwe kama kilivyo, bado sijamaliza, na nikinyimwa kipaza nitasema kwa sauti yangu ya uwanjani, ambayo unaijua.

Mzazi mmoja aliyekuwa ofisini siku ile alinipiga picha kwa simu yake. Mmeiona wote: mimi natoka mlangoni, nimemshika mtoto mkono, vumbi nyuma yetu. Picha haina sauti. Haisemi mtoto alikuwa anavutwa kuelekea wapi. Ikasambaa, ikawekwa kwenye ubao wa matangazo, ikaandikwa chini yake "Mwalimu Aliyerudi Ndani", nikapewa cheti, nikapewa saa ya ukutani, nikawa naalikwa kuzungumza shule nyingine. Na mimi nilirudi ndani kweli, huo si uongo. Basi nikajificha nyuma ya neno hilo la kweli.

Laiti ingekuwa nimeficha hilo tu. Ukuta ukianguka, watu huuliza nani aliujenga. Aliujenga fundi mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Timazi, kwa sababu hakuweka tofali bila kutega ile kamba yake yenye chuma na kufumba jicho moja. Matofali ya kamati yalimpungukia njiani. Akajenga kwa yaliyobaki, unene wa tofali moja, bila nguzo wala nondo. Siku ya kukabidhi, mimi nilikuwa mwalimu wa mazingira, kwa hiyo alinikabidhi mimi. Tulikuwa wawili tu. Akaniambia, "Mwalimu, huu ni wa kuzuia mbuzi. Wasipange watoto hapa, wala wasiegemee, mpaka kamati inipe nondo na nguzo. Tafadhali uwaambie wakubwa." Nikamjibu, "Usijali fundi, nitawaambia." Sikuwaambia. Ule ukuta ulikuwa na kivuli kizuri asubuhi, na mimi nilikuwa nakagua kucha juani. Jumatatu iliyofuata nikaupanga mstari pale.

Kamati ilipokaa kuchunguza, fundi akaitwa. Akasema, "Nilimwambia mwalimu." Wakamuuliza mwalimu gani. Akanyoosha kidole kwangu. Wakageuka wote kuniangalia, na juu ya kichwa changu, ubaoni, kulikuwa na ile picha. Mwenyekiti wa wakati ule akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ulimsikia akisema hivyo?" Nikasema, "Sikumbuki."

Nilikuwa nakumbuka! Nilikuwa nakumbuka mpaka rangi ya kofia aliyovaa. Neno moja, wazazi wangu, na mtu akaangushiwa jumba bovu. Nani angemwamini fundi mwenye saruji kwenye vidole dhidi ya mwalimu aliyerudi ndani? Hakupewa tena kazi ya shule, wala ya zahanati, wala ya mtu yeyote mwenye mtoto. Watu wakambadilisha jina wakamwita Fundi Kifusi. Watoto wa darasa langu mwenyewe walikuwa wanamwimbia jina hilo akipita, na mimi nikisikia nilifunga dirisha. Miaka tisa amekuwa akitengeneza viti vilivyovunjika na kupiga misumari kwenye stuli. Viti vingi mlivyokalia leo vimepita mkononi mwake.

Na mtoto? Nilikwenda hospitali siku ya tatu. Mama yake alinishika mikono yote miwili, akalia kifuani mwangu, akasema, "Dada, umenirudishia mwanangu. Mguu si kitu, roho umeirudisha." Nilikuwa nimesimama pale na mfuko wa machungwa. Bi Swali alikuwa ananiangalia kitandani. Mama alipotoka kuchukua maji, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, sijamwambia mtu." Nikamuuliza kwa nini, badala ya kumwambia sema, mwanangu, sema kwa sauti. Akasema, "Mama amefurahi sana na wewe." Mama yupo hapa leo, amekaa pembeni ya binti yake. Dada yangu, naomba unisamehe, na kama huwezi nitaelewa. Machozi yale uliyonipa hayakuwa yangu.

Baada ya hapo nilikifungua kitabu. Niliisoma ile sura ya mwisho mara ya kwanza katika maisha yangu ya ualimu, nikiwa na kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea, na hakukuwa na cha kusahihisha. Kila kitu kilikuwemo. Chini ya dawati. Mbali na ukuta. Linaweza kurudi. Kurasa saba tu! Kuanzia muhula uliofuata nikaifanya sura ya kwanza, na kwa miaka tisa hakuna mtoto aliyepita darasa la tano bila kujua utando wa maziwa, kucha na viganja. Walimu vijana walishangaa wakasema mama huyu ana wazimu wa mawe. Nilidhani ndiyo malipo yangu. Nilidhani ukifundisha ukweli kwa bidii sana, uongo wako utafutika wenyewe. Haufutiki. Majuto ni mjukuu, na mjukuu hakui akaondoka, anakaa nyumbani anakula nawe.

Mwezi uliopita, hapahapa shuleni, nimemaliza somo. Watoto wametoka chini ya madawati, wanajipangusa magoti. Binti mmoja, yuko hapo kwenye mkeka, sitamnyooshea kidole, akaniuliza kwa nia njema kabisa: "Mwalimu, siku ile ya tetemeko, wewe ulikaa chini ya dawati gani? Tunataka tuliwekee alama."

Nikamwambia, "Tuendelee na kazi." Nikaandika ubaoni tarehe ya jana. Watoto wakaniambia nimekosea tarehe, nikafuta, nikaandika tena ya jana. Nilijua kwamba kibao hiki kimeshaagizwa, kimeshachongwa, na kwamba nikikaa kimya hadi leo, hawa watoto watakuwa wanapita chini ya jina langu kila asubuhi wakiingia kujifunza somo ambalo mwenye jina alilikanyaga. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sikutaka mniumbue nikiwa kaburini, ambako siwezi kujibu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakuomba kwa heshima zote usivute kitambaa kile. Najua umeacha kazi zako. Najua kamati imehangaika. Mkifungue wenyewe kesho, mkichonge upya, muandike mnachotaka, ila jina langu lisiwepo, na maneno yale yasiwepo. Bahasha hii ina maelezo yangu ya kurasa tatu, nimeyaandika kwa mkono na kuyawekea sahihi. Ndugu Mwenyekiti, nakukabidhi mbele ya watu ili isije ikapotelea kabatini. Naomba muhtasari wa kikao kile ufunguliwe, pale palipoandikwa "mwalimu hakumbuki" paandikwe "mwalimu alikumbuka", na fundi arudishiwe kazi na jina lake. Kama kuna adhabu kwangu, nastaafu saa sita mchana leo, mnayo nafasi kabla ya hapo na hata baada ya hapo. Sitakimbilia ugonjwa.

Na mwalimu kijana utakayepokea chaki yangu: Ofisa Elimu amekuagiza ufuate mpangilio wa kitabu, nimeisikia habari hiyo. Mtii Ofisa, ni mkubwa wako. Lakini hata kama utalifundisha somo la mabamba mwisho, lifundishe. Usiandike "imefundishwa" kwa kalamu tu. Mtoto akikuletea ukurasa usioujua, vuta kiti msome pamoja, hakuna aibu.

Fundi Timazi. Nilikuja kwako juzi kukuomba uhudhurie, sikukwambia sababu, nawe ukaja na shati lililopigwa pasi. Uko kule karibu na mlango. Nakuita kwa jina lako la kwanza na naomba kila mtu hapa alichukue hilo tu. Uliniambia. Nilikusikia. Nilikumbuka, na nikasema sikumbuki. Ningependa usimame watu wakuone, lakini sina haki ya kukuagiza.

Hutaki. Sawa, fundi. Kaa. Una haki hiyo.

Sasa limebaki moja. Kwenye ratiba, baada ya maneno yangu, imeandikwa kwamba mwanafunzi aliyeokolewa atanivisha shada la maua. Bi Swali, mwanangu, naliona limelala mapajani mwako, na gongo lako limeegemea kiti. Usinyanyuke. Usinivishe. Wakubwa wote hawa wamekuita aliyeokolewa kwa miaka tisa, na wewe ukanyamaza kwa ajili ya heshima yangu, tangu una miaka kumi na moja. Leo nakutoa kwenye mzigo huo. Hakuna aliyekuokoa siku ile. Ulikuwa umeshajiokoa mwenyewe, kwa kitabu ulichojisomea peke yako kwa sababu mwalimu wako alikuwa mvivu. Ulikuwa mahali pako. Ulikuwa umesema kweli. Mimi ndiye niliyekutoa.

Nimemaliza. Nawashukuru wote kwa kunivumilia mpaka neno la mwisho.